Setingi za Usalama za Ruta ya Nyumbani: Zipi Uguse, Zipi Uache Zilivyo

"Nikiwa kwa wifi yangu mwenyewe, si niko salama?" Hili ni swali zuri, na jibu lake ni: uko salama kadiri ruta yako ilivyo salama. Kwa nyumba nyingi, ruta iko vile fundi aliiacha siku aliyoiweka.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukituma pesa kwa menyu ya laini yako, au kwa zile namba zinazoanza na nyota, mawasiliano yanapitia mnara wa mtandao wa simu. Ruta ya nyumbani haihusiki. Hata ukiizima, pesa itaenda. Lakini ukifungua apu ya malipo ukiwa kwa wifi, ukiingia kwa tovuti ya benki, ukinunua kitu mtandaoni au ukiangalia mauzo ya till yako kwa laptopu, kila kitu kinapita ndani ya kile kisanduku chenye taa za kijani kilicho nyuma ya TV. Na kisanduku hicho ni kompyuta. Haina skrini, haina kibodi, lakini ni kompyuta kamili yenye setingi zake, na mtu akiishika anaweza kuamua simu zako zote zielekezwe wapi.

Brazil walijifunza hili kwa njia ngumu. Mwaka wa 2011, wahalifu huko walitumia udhaifu uliokuwa kwenye modemu za intaneti za majumbani na wakafanikiwa kuingia kwa modemu takriban milioni 4.5. Walipofika ndani walibadilisha kitu kidogo tu: DNS. Baada ya hapo, mtu angeandika anwani halisi ya tovuti anayoijua, bila kukosea hata herufi, lakini angepelekwa kwa ukurasa wa bandia. Wengine walikutana na kurasa za benki zisizo za benki, wengine waliambiwa wapakue programu iliyokuwa na virusi. Hawakuwa wamebonyeza linki ya ajabu. Hawakuwa wamepokea SMS ya utapeli. Shida ilikuwa kwa modemu.

Hebu tueleze DNS kwa lugha ya kawaida. Chukulia umeshuka steji usiyoijua na unatafuta duka fulani. Unamuuliza mtu wa boda, anakuonyesha njia, unaenda. Humwombi kitambulisho. Simu yako hufanya hivyo hivyo: kabla ya kufungua tovuti, inauliza DNS, "Hii tovuti iko namba gani?" DNS inajibu, na simu inaenda pale ilipoambiwa. Sasa, kama yule mtu wa boda amewekwa pale na tapeli, utafika kwa duka la bandia ukiwa na uhakika kwamba umefika. Ndiyo maana kwetu sisi tunaoshughulika na malipo, setingi ya DNS ndiyo ya kwanza kuangaliwa, hata kabla ya faiawoli.

Kuingia ndani ya ruta

Chukua simu au laptopu iliyounganishwa na wifi yako. Geuza ruta uangalie kibandiko chake cha chini. Utapata anwani yenye namba, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, zile ruta ndogo za laini ya simu mara nyingi hutumia 192.168.8.1. Iandike kwa kivinjari kama Chrome, pale juu unapoandika majina ya tovuti. Utaulizwa jina na nenosiri.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu wanaweka nenosiri la wifi na linakataa. Haya ni maneno-siri mawili tofauti. Lile la wifi ni la kuingia kwa mtandao, unalompa mgeni. Hili la pili ni la msimamizi, la kubadilisha setingi, na hakuna mgeni anayelihitaji. Kwa ruta nyingi za zamani liko tu "admin" na "admin", na kila mtu duniani analijua.

Ukitaka kujua hilo lina uzito gani, kumbuka Mirai. Ilikuwa programu haribifu iliyosambaa mwaka wa 2016 kwa njia rahisi mno: ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na maneno-siri ya kiwandani, kama 60 hivi, kwenye kamera za CCTV na ruta. Yaliyokubali, imeingia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyoambukizwa vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa inatoa huduma ya DNS, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Wenye kamera na ruta hizo wengi hawakujua kama vifaa vyao vilikuwa vitani.

Kwa hivyo badilisha nenosiri la msimamizi leo. Sehemu yake huwa chini ya "System", "Administration" au "Account". Weka refu, hata sentensi ya maneno manne matano yasiyohusiana, na usirudie lile la wifi wala PIN yako ya malipo. Kuliandika kwa daftari linalokaa nyumbani si dhambi. Mhalifu wa mtandaoni hawezi kufungua droo yako.

Kama setingi zinakataa kabisa kufunguka, inawezekana kampuni yako ya intaneti imejiachia akaunti kuu na kukupa wewe akaunti ndogo. Wapigie, uwaambie ni nini unataka kibadilishwe. Usikimbilie kile kitundu cha kurudisha setingi za kiwandani. Ukikibonyeza kwa sindano, nenosiri la zamani litarudi, ndiyo, lakini unaweza pia kufuta jina na nenosiri ambalo fundi aliweka ili ruta iunganishwe na fiba, na utakaa bila intaneti hadi mtu arudi.

Angalia DNS sehemu mbili

Ukishaingia, nenda sehemu iliyoandikwa "WAN" au "Internet". Tafuta DNS. Mara nyingi itakuwa imewekwa ijipate yenyewe kutoka kwa kampuni ya intaneti, na hiyo ni sawa. Halafu nenda "LAN" kisha "DHCP", kwa sababu huko kuna DNS nyingine, ile ambayo ruta inawapa simu na laptopu za nyumbani. Watu huangalia ya kwanza na kusahau ya pili. Huko kwa DHCP ni kawaida kukuta namba ya ruta yenyewe, mfano 192.168.1.1, au pawe patupu.

Namba nyingine ambazo hazifai kukutia hofu ni 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare na 9.9.9.9 ya Quad9. Ni huduma za umma zinazojulikana. Ukikuta namba ngeni ambayo hukuiweka wewe, ipige picha kwanza. Halafu piga simu kwa kampuni ya intaneti uulize kama ni yao. Wakisema si yao, rudisha DNS ijipate yenyewe, badilisha nenosiri la msimamizi, uzime ruta na kuiwasha tena, na usifanye malipo yoyote kwa wifi hiyo hadi uhakikishe namba ile haijarudi. Ikirudi, kuna mtu au programu bado iko ndani, na hapo ruta inahitaji fundi au kubadilishwa.

Kuna ulinzi mwingine ulio mkononi mwako. Ukiandika anwani halisi ya tovuti ya malipo na DNS ikakupeleka kwa bandia, yule tapeli hana cheti cha kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye jina hilo. Chrome itakuonyesha onyo, "Your connection is not private". Usitafute kitufe cha kuendelea mbele. Funga, zima wifi, jaribu kwa bando la simu. Onyo likipotea ukiwa kwa bando, basi ni ruta, au mtandao huo wa wifi, wa kuchunguzwa. Lakini tuelewane kuhusu ile alama ya kufuli: inasema tu kwamba uko kwenye mawasiliano yaliyofungwa na jina lililoandikwa pale juu. Tapeli akisajili jina linalofanana na la benki, na yeye pia atapata kufuli. Soma jina lote.

Kama una simu ya Android 9 au zaidi, kuna setingi inayoitwa "Private DNS" kwenye sehemu ya mtandao. Ukiweka pale dns.google au one.one.one.one, simu yako itauliza njia kwa mawasiliano yaliyofungwa, na ruta haiwezi kuingilia kati na kujibu uongo. Inasaidia pia ukiwa kwa wifi ya mkahawa au ya matatu.

Sasa faiawoli yenyewe

Faiawoli ni askari wa geti. Kazi yake kubwa nyumbani ni moja: kuruhusu majibu ya kitu ulichoomba wewe, na kukataa mgeni aliyekuja bila kuitwa. Ukifungua tovuti, askari ameona ombi likitoka, kwa hivyo jibu linaporudi analiachilia. Mtu wa nje akibisha ghafla akitaka kuingia kwa laptopu yako, hakuna aliyemwita, anaachwa nje.

Kwenye ruta nyingi huwa tayari imewashwa. Hakikisha tu. Kama kuna viwango, vya chini, wastani na juu, wastani unatosha kwa nyumba. Kiwango cha juu kinaweza kukukatia simu za video, na najua kitakachofuata: mtu anachoka, anazima faiawoli yote, na anasahau. Afadhali wastani unaobaki mwaka mzima.

Kazi yako kubwa ni kuangalia ni milango gani imefunguliwa ukutani bila wewe kujua. Angalia hii minne.

"Port forwarding", au "Virtual server", ni orodha ya milango iliyofunguliwa makusudi ili mtu wa nje afikie kifaa fulani ndani. Kenya hapa sababu ya kawaida ni CCTV. Fundi wa kamera anakuja, mwenye nyumba anataka kuona geti akiwa kazini, fundi anafungua mlango kwa ruta, analipwa, anaenda. Kamera ile imebaki na nenosiri la kiwandani. Sasa si wewe tu unayeona geti. Kama kamera zako zina apu yake rasmi ya kuangalia ukiwa mbali, mara nyingi huhitaji mlango huo hata kidogo. Ufute kwa orodha, ujaribu apu, na ikiwa inafanya kazi basi uache hivyo. Na ubadilishe nenosiri la kamera. Mtu anayeona sebule yako anaweza pia kuona ukiandika PIN.

"DMZ" ni mbaya zaidi. Inachukua kifaa kimoja na kukiweka nje ya geti kabisa. Wacheza gemu huambiwa waiwashe ili gemu isikwame. Izime.

"Remote management" inaruhusu ukurasa wa setingi za ruta kufunguliwa kutoka popote duniani. Kama wewe si fundi anayehudumia ruta za watu, hakuna siku utaihitaji. Izime. Ila usiichanganye na "TR-069", ambayo ni njia ya kampuni ya intaneti kuihudumia ruta yao. Hiyo usiiguse bila kuwauliza, utajikatia huduma.

"UPnP" inaruhusu vifaa vya ndani kufungua milango vyenyewe bila kukuuliza. Ni rahisi kwa gemu na TV, lakini pia programu mbaya ikiingia kwa simu moja inaweza kujifungulia mlango. Izime, uone kama kuna kitu kinaacha kufanya kazi kwa wiki moja. Nyumba nyingi hazitaona tofauti.

WPS na hesabu ya PIN

Kile kitufe cha WPS, cha kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri, kina kasoro ambayo mtu yeyote aliyewahi kuweka PIN ataielewa. WPS ina PIN ya tarakimu 8. Ukisikia hivyo unafikiri ni mamilioni ya majaribio. Lakini mwaka wa 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, na inamwambia anayejaribu kama kipande cha kwanza ni sahihi. Kipande cha kwanza kina tarakimu 4, yaani majaribio 10,000. Cha pili kina 4, lakini ya mwisho ni ya hesabu ya kuhakiki tu, inajulikana, kwa hivyo zimebaki 3, majaribio 1,000. Jumla 11,000. Kompyuta iliyo kwa nyumba ya jirani inaweza kumaliza hayo kwa saa chache kama ruta haina kikomo cha kukosea.

Linganisha na PIN yako ya pesa. Ina tarakimu 4 tu, lakini mfumo haukuambii "mbili za kwanza uko sawa", na ukikosea mara chache unafungiwa. Ndiyo maana fupi inaweza kuwa salama na ndefu ikawa dhaifu. WPS, izime.

Kwa usalama wa wifi yenyewe chagua WPA2 au, kama vifaa vyako vinakubali, WPA3. Ukikuta ruta ina WEP pekee, hiyo ilishavunjwa tangu 2001. Tafuta ruta nyingine.

Ukishiriki wifi na jirani au wateja

Hapa ndipo maisha yetu yanatofautiana na maelezo ya vitabu vya ruta. Kwenye ploti, watu watatu wanachanga bili ya intaneti na ruta iko kwa mmoja. Saluni iko chini, mwenyewe anaishi juu, wifi ni moja. Mwenye kinyozi anabandika nenosiri ukutani ili wateja wasichoke kungoja. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba kila aliye kwa wifi hiyo amekwisha kupita faiawoli. Askari wa geti hamwangalii mtu aliye tayari sebuleni. Simu moja ya mteja yenye virusi iko mtandao mmoja na laptopu unayotumia kutoa ripoti ya till yako, na inaweza pia kubisha ukurasa wa setingi za ruta ikijaribu "admin" na "admin".

Suluhisho ni "Guest network", na ruta nyingi za kisasa zinayo. Ni wifi ya pili, jina lake na nenosiri lake, ndani ya ruta ile ile. Wageni wanapata intaneti, lakini hawaoni vifaa vyako. Ukiiwasha, angalia kuna mahali pa kuzuia wageni kufikia mtandao wa ndani, wakati mwingine huitwa "Isolation", na uhakikishe imewekwa. Kisha jaribu mwenyewe: unganisha simu kwa wifi ya wageni, andika ile anwani ya ruta. Ukurasa wa setingi usifunguke. Ukifunguka, setingi haijakaa.

Majirani, wateja, TV, kamera na ile balbu ya kuwashwa kwa simu, wote waende kwa wifi ya wageni. Kwa wifi kuu wabaki simu na laptopu zinazogusa pesa. Jirani anaweza kuuliza kama humwamini. Mwambie ni ya kumkinga yeye pia na virusi vya kompyuta yako, na si uongo.

Na mtu akihama au akiacha kuchanga, badilisha nenosiri la ile ya wageni tu. Vifaa vyako havitahisi lolote.

Masasisho, na ruta ya mkono wa pili

Ruta pia hupata masasisho ya programu yake, na modemu zile za Brazil zilivunjwa kwa sababu ya kasoro ya aina ambayo sasisho huziba. Tafuta "Firmware" au "Upgrade". Kama kuna chaguo la kujisasisha yenyewe, liwashe. Kama ni kwa mkono, usifanye hivyo wakati stima inachezacheza, kwa sababu ruta ikizimika katikati ya sasisho inaweza isiwake tena. Ruta za kampuni ya intaneti kwa kawaida husasishwa na wao wenyewe. Waulize tu mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ukinunua ruta ya mkono wa pili, iwe ni Luthuli Avenue au kwa mtu anayehama, hujui nani alikuwa ndani yake. Hii ndiyo ruta unayotakiwa kuirudisha kiwandani kabla haijagusa intaneti yako: bonyeza kile kitundu kwa sindano kwa sekunde 10 au zaidi hadi taa zibadilike. Weka nenosiri jipya la msimamizi, pakua sasisho kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha ukague DNS sehemu zote mbili. Kama mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya modeli hiyo, bei ya chini haikusaidii, hasa kama utaitumia dukani.

Na kama tayari uliweka PIN au nenosiri kwa ukurasa ambao sasa unaushuku, usingoje kumaliza kurekebisha ruta. Zima wifi, badilisha PIN kwa menyu ya laini, kisha piga simu huduma kwa wateja kwa namba unayoijua, si ile iliyo kwa SMS uliyotumiwa. Tukipokea, hatutakuuliza PIN, ya zamani wala mpya.